Muuguzi mmoja kwa wale wasiotulia: maneno yetu kwa vijana wa Mulongo



Munatujua kwa barabara na kwa umeme. Tutarudi kwa hayo, musiwe na wasiwasi. Leo tuko na jambo lingine, lenye kuonekana kama la wazungu, na tunaomba mulisikilize mpaka mwisho mbele ya kucheka.

Kijana huyu munamujua, kila kartier iko naye. Ku masomo alikuwa na akili mingi, mwalimu alimusifu na kumupiga siku ile ile. Alianza kujifunza cherehani, akaacha. Akaanza kuuza kredi ya simu, franga zikaisha bila yeye kujua zilipita wapi. Wakamupa pikipiki, mwezi wa kwanza akagonga mbuzi, mwezi wa pili akagonga ukuta. Ukimutuma chumvi ku soko atarudi na mafuta na hadithi ndefu. Mu kanisa muguu wake unacheza tangu wimbo wa kwanza mpaka sadaka. Ako na miaka 28 na baba yake angali anamuita mutoto. Wanawake wa namna hiyo wako pia, lakini hao hawaonekani haraka. Ni mama yule wa kuunguza bukari kila siku, wa kusahau tarehe ya chanjo, wa kukopa juu alipoteza pesa ya kikoba, na usiku analia peke yake juu wote wamekubali kama yeye ni muvivu.

Majina tunayowapa tunayajua. Mupumbafu. Kichwa wazi. Wengine wanasema amelogwa, na pale pesa ya familia inaanza kutembea: leo kwa pasta, kesho kwa mufumu, kesho kutwa tena kwa pasta mwingine.

Hatusemi wote hao ni wagonjwa. Wengine ni vijana tu, wengine ni lutuku. Tunasema kati yao wamo watu wenye shida yenye jina, inayoweza kutambulika na kusaidiwa, na hapa kwetu hakuna hata mutu mmoja ambaye kazi yake ni kuwatambua. Njo maana tumekuja.

Kwa Kifaransa inaitwa TDAH, kwa Kiingereza ADHD. Sisi tutasema shida ya kutotulia, hata kama jina hilo linadanganya kidogo, juu wengine mwili wao unatulia kabisa, ni mawazo njo yanakimbia. Inaanza utotoni. Inatembea mu familia, baba na mutoto, ndugu na ndugu. Zamani waganga walifikiri inaisha mutu akikomaa. Leo wanajua kwa wengi haiishi, inabadilisha tu sura. Kuruka-ruka kunapungua, kusahau na kuchelewa na kuanza kazi kumi bila kumaliza moja kunabaki. Hesabu inayotajwa sana duniani ni kama watu wazima 25 kati ya 1,000. Haikuhesabiwa Mulongo, kwa hiyo tusiiapie. Lakini hata ukiigawanya kwa mbili, angalia vile tuko wengi hapa, kisha fanya hesabu mwenyewe.

Sasa Uingereza. Tunaipeleka mbali safari hii juu kule kuna kazi moja ambayo hapa hatuna hata jina lake: muuguzi aliyesomea shida hii kwa watu wazima. Si daktari. Ni muuguzi, aliyeongeza masomo. Tangu 2006 sheria yao inaruhusu muuguzi aliyepita masomo hayo kuandika karibu dawa zote za fani yake, na tangu 2012 hata zile zinazolindwa kwa sheria kali, zikiwemo dawa za shida hii.

Mugonjwa akifika, muuguzi yule hakimbilii kidonge. Anauliza maisha yote. Masomo yalikwenda namna gani? Ulifukuzwa kazi mara ngapi, na juu ya nini? Mu familia yenu kuna mutu aliyekufa gafula kwa moyo? Unalala? Unakunywa? Anatafuta mama, ao bibi, ao ndugu mukubwa, asikie kwa kinywa kingine, juu mwenye shida mwenyewe mara mingi hakumbuki. Dawa ikiamuliwa, ni yeye anayeanza na kipimo kidogo na kukipandisha polepole, wiki kwa wiki, akipima tansio, mapigo ya moyo na kilo. Anauliza kama chakula kinapita, kama usingizi umekimbia. Kisha anafundisha mambo madogo: kugawanya kazi vipande, kuweka ufunguo mahali pamoja kila siku, kuandika. Tena anakaa na bibi ao bwana wa mugonjwa na kumueleza kwa nini huyu mutu anasahau na bado anakupenda. Mwaka ukipita, anamupima tena.

Kule pia si paradizo. Watu wanangoja miaka ili waonwe, na mu mwezi wa 9 mwaka 2023 serikali yao ilitangaza upungufu wa dawa hizo nchi nzima. Hatuwaletei Uingereza kama mbingu. Tunawaletea orodha ya kazi. Isomeni tena. Kuuliza, kusikiliza mama, kupima tansio, kupima kilo, kufundisha familia, kufuata mugonjwa. Ni ipi kati ya hizo inayohitaji mashini kutoka Ulaya? Kipima tansio kinachopima mama mwenye mimba, na mezani ya kilo, hivyo ni vyombo vya kituo cha afya chochote.

Wengine watasema: apelekwe Lubumbashi. Ndiyo, Lubumbashi kuna hospitali ya magonjwa ya akili, ile ya Joseph Guislain ya Ndugu wa Upendo, wale Wafrère de la Charité. Bukavu wako na Sosame, Goma na Tulizo Letu, Kinshasa na Mont Amba. Ni nyumba za heshima. Lakini toka hapa: upande baleniere, upinge maji ya Lualaba mpaka Bukama, pale ungoje treni ao kamio, na wakati wote huo uko na mutu ambaye shida yake yenyewe ni kukosa kungoja. Atashuka njiani. Na nani atauza shamba ili kupeleka Lubumbashi mutu ambaye anatembea, anacheka, anakula vizuri, hana homa? Familia inauza shamba kwa mutu aliyelala chini. Huyu hajalala chini. Anaharibu tu maisha yake, kidogo kidogo, mbele ya macho ya wote.

Kwa hiyo jibu litatoka hapa ao halitatoka. Na hapa, mutu wa kwanza kuona mugonjwa ni nani? Ni muuguzi. Yule tunayemuita munganga, hata doktere, ni muuguzi. Kituo cha afya mu kila eneo kinashikwa na muuguzi titulaire. Yeye njo anazalisha, anachoma chanjo, anaandika dawa ya malaria akifuata ordinograme iliyo ku meza yake. Uingereza walihitaji sheria na masomo marefu ili muuguzi aandike dawa. Sisi aliandika tangu zamani, juu hakukuwa mwingine. Wao walianza na karatasi, sisi tulianza na ukosefu. Sasa tunataka karatasi ifuate.

Na musituambie dawa za kichwa ni hatari kwa mikono ya muuguzi wa kijiji. Angalieni kifafa. Fenobarbitali, ile dawa ya kifafa, iko ku orodha ya dawa zinazolindwa na mapatano ya Umoja wa Mataifa ya 1971. Na bado wauguzi wa vijiji Afrika nzima wanaitoa, wanahesabu vidonge, wanamuambia mugonjwa asiache gafula, wanaandika mu buku. Watoto waliokuwa wanaanguka mu moto hawaanguki tena. Dawa ya shida ya kutotulia, metilfenidati, inalindwa na mapatano yale yale, ku daraja la juu zaidi, ni kweli, na lazima ulinzi uwe mukali zaidi. Lakini njia tayari tunaijua, iko wazi mu buku la kifafa.

Kuna jambo moja la Geneva linalotuuma, tuwape. Mara mbili, 2019 na 2021, waliombwa kuingiza metilfenidati mu orodha ya OMS ya dawa za lazima. Mara mbili wataalamu walikataa. Walisema ushahidi haujatosha, na tena mu nchi nyingi hakuna watu waliofundishwa kutambua shida hii na kufuata wagonjwa. Munasikia kamba ile? Dawa haiji juu hakuna wauguzi. Na ukidai wauguzi, unaambiwa wafanye nini wakati dawa haiko. Sisi tunasema kamba hiyo tuikate kwa upande wa muuguzi, juu muuguzi anafaa hata bila dawa, na dawa bila muuguzi ni sumu ya mu soko. Tunaomba sana: musinunue kidonge kwa mutu wa mu soko juu muliona video ku simu. Hiyo video haikupima tansio yako.

Tunasikia swali tayari: muuguzi atajuaje? Hapa njo kazi yenyewe iko, na hapa njo tunakataa mutu aseme ni kazi ya kujifunza siku mbili mu seminere yenye soda na perdiem.

OMS iko na karatasi ya maswali kwa watu wazima, maswali 18, na sita ya kwanza ni ya kuchuja. Kwa maneno yetu: unashindwa kumaliza vipande vya mwisho vya kazi? Unashindwa kupanga vitu? Unasahau makutano? Kazi ya kufikiri sana unaikimbia? Mikono na miguu inacheza ukikaa muda murefu? Unasikia kama moteri inakusukuma? Hiyo ya mwisho watu wa baleniere wataipenda. Mutu akijibu ndiyo, mara mingi, kwa nne ao zaidi, hapo anastahili kuonwa vizuri. Kuonwa tu, bandugu. Bado hajaitwa mugonjwa. Ili aitwe hivyo lazima alama zianze mbele ya miaka 12, zionekane mahali zaidi ya pamoja, nyumbani na ku kazi, na ziharibu maisha kweli.

Sasa leta maswali hayo Mulongo. Muvuvi hana makutano ya ofisi ya kusahau. Je, anasahau kutoa nyavu? Mama wa samaki kavu, anasahau nani ana deni lake? Lazima mutu ayavae maswali haya nguo za Kiluba, na mutu huyo lazima awe anajua Kiluba na anajua kazi. Na lazima ajue kutofautisha. Hapa watu wengi walipita mu vita ya Mai-Mai, miaka ile ya 2000. Mutu aliyekimbia usiku akiwa na mutoto mugongoni, leo anashtuka, halali, hawezi kushika wazo moja. Ukimuuliza maswali sita atajibu ndiyo yote sita. Lakini shida yake iko na siku yake ya kuzaliwa: siku ile walikimbia. Hiyo ni kidonda cha vita, na dawa yake ni nyingine. Muuguzi mujanja atauliza "tangu lini?" na atauliza mama yake, na swali hilo moja litazuia makosa mengi.

Tena malaria. Watafiti wa Kampala, ku hospitali ya Mulago, walifuata watoto waliopona malaria ya ubongo. Miaka miwili nyuma, karibu mutoto mmoja kati ya wanne alikuwa bado na upungufu wa akili, zaidi ku umakini. Sasa fikirini bonde letu la Lualaba, maji na mbu, na watoto wangapi hapa walizimia kwa homa wakarudi. Wale walirudi wakakua, wako kati yetu. Nani aliwafuata? Tulishangilia walipofungua macho, na tulikuwa na haki ya kushangilia, kisha tukawapiga ku masomo juu hawasikilizi.

Na lutuku. Mutu mwenye kichwa kinachokimbia anakunywa ili kitulie. Kisha tunasema ni lutuku ilimuharibu. Mara ingine ni kweli. Mara ingine tumeshika muti kwa majani.

Wakubwa watatuambia: kuna mambo ya haraka zaidi. Kuna kifafa, kuna wale wanaofungwa kamba mu maombi, kuna bamama wanaovunjika moyo kisha kuzaa. Tunakubali kabisa. Njo maana hatudai muuguzi wa shida ya kutotulia peke yake. Hapa hiyo ingekuwa anasa. Tunadai muuguzi wa afya ya akili, na mu buku lake shida hii iwe na ukurasa wake. Inaweza kuwa ukurasa wa mwisho. Ila iwemo.

Na musifikiri haijafanyika Kongo. Lubero, kule Kivu ya Kaskazini, eneo lenye vita kuliko hapa, walianza 2011 kuingiza afya ya akili mu vituo vya kawaida. Wauguzi walifundishwa, daktari wa kawaida wa hospitali akawasimamia. Kati ya 2012 na 2015 walipokea wagonjwa zaidi ya 3,900, na wengi walitibiwa wakirudi kulala nyumbani kwao. Rwanda, kisha ya 1994, walifundisha wauguzi wa afya ya akili na kuwaweka ku hospitali za wilaya. Uganda wako na maofisa wa tiba ya akili wanaofundishwa Butabika, si madaktari, na wanaandika dawa.

Sasa turudi kwetu, tusiseme uongo juu ya wauguzi wetu. Muuguzi titulaire amechoka. Anashika kituo peke yake, raporti za mwezi ziko juu ya kichwa chake. Wengi nchi hii ni wale wanaoitwa unité mpya, hawana matrikile, wanaishi kwa prime ya risiki ao kwa kile mugonjwa analeta, kuku ao samaki. Ukimuongezea maswali sita bila kumuongezea kitu, atakuandikia ndiyo ku raporti na hatauliza mutu hata mmoja. Tungekuwa yeye, tungefanya hivyo hivyo.

Kwa hiyo dai letu ni kazi yenye jina. Muuguzi mmoja, A1 ao zaidi, aliyesomea afya ya akili, akae ku hospitali kubwa ya zone ya Mulongo. Apewe pikipiki na mafuta. Azunguke vituo kwa zamu, aone wale ambao titulaire na relais wa kartier wamewachuja. Awe na daktari wa Lubumbashi wa kupigia simu kwa kesi ngumu, na karatasi inayosema anaweza kufuata mugonjwa na kuandika dawa gani, ili kesho mukubwa mmoja asimuite mwizi wa kazi ya daktari. Na alipwe, matrikile, ku benki, kila mwezi. Tangu sheria ya 2016 wauguzi wa nchi hii wako na Ordre yao. Ordre hiyo tunaiomba iandike kazi hii wazi, iweke masomo yake na mipaka yake.

Tunajua wapi watapatikana. Sisi wenye kusimama hapa tuko na diploma na hatuna kazi. Kila mwaka masomo ya ISTM yanatoa wauguzi, na tunawakuta wakiuza kredi ya simu pembeni yetu. Serikali inasema watu hawako. Watu wako, wamekaa ku kiti cha plastiki mbele ya nyumba ya mama yao. Mumoja akifundishwa mwaka mumoja, atatosha kwa kuanza.

Na ninyi mwenye kujitambua leo mu maneno haya, tumeona wawili watatu wameinamisha kichwa: musitoke hapa mukisema muko wagonjwa, hakuna aliyewapima. Lakini mutu akikuita mupumbafu leo jioni, uko na haki ya kutokukubali. Andika kazi ya kesho ku karatasi, moja tu, uibandike ku mulango. Omba ndugu mmoja akukumbushe bila kutukana. Ukiendesha pikipiki, kwanza lala vizuri, na usikunywe. Hayo hayangoji serikali.

Barua iko ku meza pale, kurasa mbili, ya Kifaransa na ya Kiluba. Somesheni mbele ya kutia sahihi. Mwenye hajui kuandika, wino uko, aweke kidole. Kopi moja tutaipeleka sisi kwa daktari mukubwa wa zone hapa Mulongo. Ninyi wa Kamina, Division ya afya ya jimbo iko kwenu, mutapokea picha ya barua ku WhatsApp. Muiprinte, muende watu watatu, musiende mumoja. Mukiitoa ku sekretaria, muombe muhuri na tarehe ku kopi yenu. Wakisema murudi kesho, mukae. Bila muhuri, barua haikufika.